Kiti cha Formula 4 kwa shilingi milioni 45: kisa cha familia moja ya South C

Kijana ana miaka 16 na yuko Form Three. Amekulia kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio, kwanza uwanja ule wa karibu na Carnivore, baadaye Athi River, na kwa rika lake hapa Nairobi wanaoweza kumfukuza wanahesabika. Baba yake anauza spea Kirinyaga Road. Mama ni afisa wa mikopo katika Sacco. Likizo ya Desemba walimpeleka Ulaya kujaribu gari la Formula 4, ngazi ya kwanza ya langalanga baada ya gokati, kwa siku mbili, wakalipia kila kitu wenyewe, na kabla Januari haijaisha barua pepe ikaingia: timu imependezwa naye, inampa kiti cha msimu mzima, viti vimebaki vichache, jibu litolewe kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata. Bei ni euro 300,000 hivi.

Euro ikiwa shilingi 150, hizo ni milioni 45. Ukoo ukaitwa. Mjomba akasema ploti ya Kitengela iuzwe. Shangazi akataka harambee, na tayari alikuwa anataja wabunge wa kualikwa. Mimi niliitwa kwa kuwa nimeshika hesabu za timu za rally kwa miaka, na baba alitaka mtu asiye wa ukoo aisome ile barua. Wameniruhusu kukieleza kisa chao bila majina yao wala ya timu.

Bei yenyewe haikuwa na kasoro. Ndiyo bei ya soko. Ukizunguka timu nyingine utakuta tofauti ndogo. Kilichonisumbua ni kwamba kila mtu pale sebuleni aliamini kijana ameshachaguliwa, kama mwanafunzi aliyeitwa shule ya kitaifa, na kwamba kilichobaki ni karo tu.

Ukurasa wa nne

Ukurasa wa kwanza wa barua uliorodhesha mazuri: gari, injinia, makanika, usafirishaji wa gari kutoka sakiti moja hadi nyingine, ada ya kushiriki, siku kadhaa za mazoezi. Ukurasa wa nne ndio niliomba usomwe kwa sauti. Uharibifu wa gari unalipwa na dereva, bila kikomo, kabla ya duru inayofuata. Asipolipa, hapandi gari. Tairi za mazoezi ya ziada ni juu yake. Nauli, malazi, bima ya matibabu na saa za simuleta, juu yake. Asilimia 30 inalipwa kushikilia kiti na hairudishwi kwa sababu yoyote ile.

Baba, ambaye kutwa kucha anashinda na bei za spea, alikwama pale pa uharibifu. Akauliza bawa la mbele ni pesa ngapi. Barua haikusema.

"Sasa huyu ananiuzia kitu bila kunitajia bei?"

Nikamwambia mikataba hii mingi iko hivyo, na kwamba mtoto wa miaka 16 katika msimu wa kwanza atavunja bawa la mbele. Wote huvunja.

Shangazi akasema basi ni matapeli. Hapana. Timu ya Formula 4 haina hela za televisheni wala za tiketi. Mishahara ya makanika, malori, kodi ya karakana, yote hutoka kwa wazazi wa madereva. Ina viti vitatu au vinne vya kuuza kila mwaka, na kisipouzwa kimoja kuna makanika ataachishwa kazi. Kwa hiyo wakimwambia kijana kwamba amewapendeza, huenda wanasema kweli: ana kasi ya kutosha, hatakuwa hatari kwa wengine, na wazazi wake walilipa majaribio bila kuchelewa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Katika ngazi hii ya mbio za langalanga, swali ninalouliza kwa kila kidato ni moja: pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani? Formula 4, dereva analipa. Formula Regional, analipa zaidi. Formula 3 ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, inapita euro milioni moja kwa msimu, Formula 2 inafika milioni mbili au tatu, na bado ni dereva anayelipa, au mtu fulani kwa niaba yake. Mkondo wa pesa hugeuka pale juu kabisa, Formula 1, ambako hadi 2025 kulikuwa na viti 20 duniani kote na mwaka 2026 vikawa 22 baada ya Cadillac kuingia. Hata huko haugeuki kwa kila mtu.

Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume wote walilikwepa. "Na mwaka wa pili nani atalipa?"

Kwa sababu ukitoa wachache wa ajabu, Formula 4 ni kazi ya misimu miwili: mmoja wa kujifunza, mmoja wa kushinda. Leseni kuu ya FIA, ile ambayo bila hiyo huendeshi Formula 1, inataka alama 40 zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu, na kwa kawaida umri wa miaka 18. Bingwa wa Formula 4 hupata alama 12. Bingwa wa Formula 3 hupata 30. Katika Formula 2, watatu wa kwanza hupata 40 kila mmoja. Dereva wa nane Formula 4 hapati hata moja. Anayelipa milioni 45 akaishia mwaka mmoja tu amenunua picha nzuri za kuweka kwenye simu.

Huko juu wanachagua nini

Mjomba hakukubali. Alikuja na Lewis Hamilton, kama nilivyotarajia. Baba yake Hamilton alifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja kumlipia mwanawe gokati, na tazama matokeo! Ni kweli tupu. Lakini wanaosimulia kisa hicho huku kwetu huruka sehemu inayohusu pesa: mwaka 1998, Hamilton akiwa na miaka 13, McLaren na Mercedes walimchukua na kuanza kumgharamia. Jasho la mzee lilimfikisha mtoto mbele ya mlango akiwa bado mdogo. Waliolipia safari kutoka mlangoni hadi Formula 1 ni wengine. Akademia za timu kubwa bado zinafanya hivyo, zinawaokota watoto kwenye gokati za Ulaya wakiwa na miaka 11, 12, 13. Kijana wetu ana 16 na hajawahi kushindana mbele ya macho yao.

Hilo peke yake halimzuii. Kinachozuia wengi ni kitu ambacho nilikieleza kwa kisa cha Felipe Drugovich, Mbrazili, kwa sababu nakiona kuwa kisa chenye mafunzo kuliko cha Hamilton.

Mwaka 2022 Drugovich alitwaa ubingwa wa Formula 2 akiwa na MP Motorsport, bila akademia yoyote nyuma yake. Alama 40 anazo. Kasi anayo. Kanuni za Formula 2 hazimruhusu bingwa kurudi kushindana tena, kwa hiyo ama anapanda juu ama anakaa. Aston Martin wakamchukua mwezi uleule, lakini kama dereva wa akiba, kwa kuwa viti vyao viwili vilikuwa na wenyewe: kimoja cha Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, kingine cha Lance Stroll, ambaye baba yake Lawrence ndiye mwenye timu. Mwanzoni mwa 2023 Stroll akaanguka na baiskeli akavunjika mikono. Drugovich akaendesha gari katika mazoezi ya Bahrain, na kwa siku chache ilionekana Mungu amefungua njia. Stroll akarudi kabla ya mbio, akiwa na maumivu, akamaliza wa sita. Drugovich alirudi kwenye kiti cha akiba, akakaa misimu mitatu, hatimaye akahamia Formula E, mbio za magari ya umeme. Bingwa wa mwaka uliofuata, Théo Pourchaire, naye hakupata kiti cha Formula 1.

Ukimtazama Drugovich peke yake utasema mchezo huu hauna haki. Mtazame Oscar Piastri upate upande wa pili. Bingwa wa Formula 3 mwaka 2020, bingwa wa Formula 2 mwaka 2021, halafu mwaka mzima wa 2022 nje, akiwa dereva wa akiba wa Alpine. Ila McLaren walikuwa na shida: Daniel Ricciardo hakuwa akileta alama, na mwenzake Lando Norris alimwacha mbali. Agosti 2022 Alpine wakamtangaza Piastri kuwa wao, yeye akakana hadharani, na mzozo ukafika kwa bodi ya FIA ya kutambua mikataba, ambayo iliamua kwamba mkataba halali ni wa McLaren. Kipaji kilikuwa kilekile cha mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na timu yenye shida ambayo yeye angeweza kuitatua.

Ninavyoelewa mimi, timu haikai chini kujiuliza nani ana kasi kuliko wote duniani. Inajiuliza shida yetu kubwa msimu ujao ni ipi. Na shida hiyo hubadilika, wakati mwingine ndani ya wiki.

Haas, timu nyingine ya Formula 1, wanaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2021 shida yao ilikuwa pesa. Wakachukua madereva wawili wageni, mmoja Nikita Mazepin aliyekuja na udhamini wa Uralkali, kampuni yenye uhusiano na baba yake. Gari wakaacha kuliboresha ili nguvu zote ziende kwenye gari la 2022, na mwaka ukaisha bila alama hata moja. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Uralkali nje, Mazepin nje, na mbio za kwanza ziko mlangoni. Sasa shida ikawa nyingine: nani anaweza kuruka ndani ya gari kesho asiliharibu? Wakampigia Kevin Magnussen, waliyemwacha 2020. Akaja, akamaliza wa tano Bahrain. Alama 10 kwa siku moja, mtu ambaye majuma machache kabla hakuwa na kazi ya Formula 1.

Mwenzake, Mick Schumacher, mwana wa Michael, jina kubwa kuliko yote kwenye mchezo huu, aliangukia upande mbaya wa hesabu hiyohiyo. Aligonga vibaya Jeddah, akagonga tena Monaco, gari likakatika vipande. Tangu 2021 timu za Formula 1 zina kikomo cha matumizi, kwa hiyo kila gari linalovunjwa linakula pesa za kutengeneza sehemu mpya zenye kasi. Mwisho wa mwaka Haas wakamchukua Nico Hülkenberg, miaka 35, aliyekuwa hana kiti cha kudumu tangu 2019. Logan Sargeant naye aliachwa na Williams katikati ya 2024, siku chache baada ya ajali kubwa Zandvoort.

Hapo baba aliinua kichwa. Bei ya bawa la mbele ilikuwa imemrudia.

Karatasi ya breki

Watu wengi huishia kwenye muda wa mzunguko. Kijana alikuwa nyuma ya dereva wa kupimia wa timu, yule ambaye wageni hulinganishwa naye, kwa sekunde moja na nusu kasoro, na mjomba alisema sekunde ni nini. Katika Formula 4, sekunde moja ni safu nzima ya magari. Ila mimi sikuwa na wasiwasi sana na sekunde. Nilimwomba kijana anionyeshe data.

"Anko, ni PDF tu walinitumia," akasema, akafungua kompyuta.

Mistari miwili juu ya kona moja, mmoja wake, mmoja wa dereva wa kupimia. Mstari wa breki wa yule mwingine unapanda wima kama ukuta mara tu anapofika kwenye kona, kisha unashuka polepole kadiri anavyozungusha usukani. Wa kijana unapanda kwa mteremko, unafika kileleni umechelewa, kisha unaachiliwa ghafla. Ni tabia ya gokati. Gokati ya kawaida ina breki kwenye ekseli ya nyuma pekee, na ukiikanyaga kwa nguvu mara moja inazunguka. Gari la Formula 4 lina breki magurudumu yote manne, lina mabawa, na hewa inalikandamiza zaidi kadiri kasi inavyokuwa kubwa, kwa hiyo mahali pa kukanyaga kwa nguvu zote ni pale mwanzo, kasi ikiwa juu kabisa. Gari linapopungua kasi mgandamizo wa hewa unapungua, nawe unaachia kidogokidogo, la sivyo tairi zinajifunga, maana hakuna ABS.

Kilichonifurahisha kilikuwa kwenye faili ya siku ya pili. Kona ileile, mchana, mstari wake ulikuwa umeanza kusimama. Haukuwa umefika, lakini ulikuwa umesogea, na hakuna aliyemfundisha. Alisema aliona kwenye skrini ya injinia akajaribu. Skauti mzuri, yaani msaka vipaji wa timu, angeangalia hilo kabla ya muda wa mzunguko. Dereva anayesoma kosa lake mwenyewe na kulirekebisha kabla ya jioni anaokoa timu siku za mazoezi, na siku za mazoezi ni hela.

Nilimwambia baba kwamba mtoto ana kitu. Nilimwambia pia kwamba hicho kitu hakihitaji msimu wa milioni 45 ili kipimwe. Kinahitaji siku nyingine chache za mazoezi, pamoja na mtu wa kumfundisha breki.

Naivasha iko jirani

Mama akauliza kwa nini asiende rally, ilhali dunia nzima inakuja hapa. Ni swali la haki. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, magari yanashindana Naivasha, na wiki hiyo hupati chumba cha hoteli kando ya ziwa. Zaidi ya hayo, rally haina haraka na umri. Anayeanza langalanga akiwa na miaka 20 amechelewa. Kwenye rally huyo bado ni mtoto.

Lakini nisingependa wahamishe ndoto ileile kwenye vumbi. Zamani timu za viwanda vya magari ziliwatafuta madereva wa hapa kwa sababu moja: Safari ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi, mvua, matope, ng'ombe, na dereva asiyeijua nchi alipotea. Joginder Singh alishinda mara tatu, mbili kati ya hizo akiwa na Mitsubishi, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo hadi 1982, akiwa na Datsun na Nissan. Waliwatatulia Wajapani shida halisi. Leo mikondo, yaani vipande vya barabara vya kushindania, imefungwa, ni mifupi, kila dereva anapewa nafasi ya kuipita mara mbili kuandika noti zake za njia, na mgeni kutoka Finland anafika Jumapili akiwa na video za miaka iliyopita. Ujuzi wa mwenyeji umeshuka bei. Karan Patel alikuwa bingwa wa Afrika 2022 na 2023, na hakuna timu ya kiwanda iliyompa kiti.

Anayepewa ni nani? Takamoto Katsuta ni jibu zuri, na jibu lake liko Naivasha. Alikuwa dereva wa sakiti Japani, baba yake bingwa wa rally wa huko. Mwaka 2015 Toyota walimchagua kwenye mpango wao wa kukuza madereva, wakamhamishia Finland, wakamlipia miaka ya kugonga miti na kujifunza theluji. Mara yake ya kwanza kusimama kwenye jukwaa la washindi katika ubingwa wa dunia ilikuwa Safari ya 2021, wa pili nyuma ya Sébastien Ogier. Miaka sita ya uvumilivu wa kampuni moja. Toyota walitaka Mjapani ndani ya gari la Kijapani, na walikuwa tayari kusubiri. Sisi hatuna kiwanda cha magari kinachomtaka Mkenya.

Na kama huko kwenye sakiti, rally nayo ina viti vya kununuliwa. Jourdan Serderidis, Mgiriki mwenye umri wa kuwa babu wa kijana wetu, amewahi kuja Naivasha na Ford Puma Rally1 ya timu ya M-Sport, gari la daraja la juu kabisa, kwa sababu alilikodi. Sina ubaya naye. Pesa ya mteja wa namna hiyo ndiyo inayoweka taa za karakana zikiwaka ili yule kijana asiye na kitu apewe nafasi siku moja.

Kilicho wazi kwa Mkenya ni ngazi ya chini, na si ndogo. Junior WRC, ubingwa wa dunia wa rally kwa vijana, inawapanga madereva wote kwenye gari la aina moja, Fiesta Rally3, kwa hiyo muda wako hauna pa kujificha. McRae Kimathi na mwelekezi wake, yule anayemsomea njia, Mwangi Kioni walienda hadi Sweden, Februari 2022, wakashindana kwenye theluji, jambo ambalo babu zetu wa Safari hawakulifikiria. FIA nayo ilianzisha mpango wa Rally Star kwa vijana wa miaka 17 hadi 26, na mmoja wa waliopitia humo, Romet Jürgenson wa Estonia, akawa bingwa wa Junior WRC 2024. Rally3 mpya ilipoingia sokoni iliuzwa kwa bei iliyo chini kidogo ya euro 100,000. Yaani theluthi moja ya kile kiti cha Formula 4, na ukimaliza msimu gari bado ni lako, hata kama kodi ya kuliingiza nchini itakutoa jasho Mombasa.

Kuna mdhamini pia. Kampuni ya Nairobi haina sababu ya kuweka nembo yake kwenye gari linalozunguka sakiti ya Ulaya Jumapili asubuhi mbele ya watu mia tatu. Wiki ya Safari wateja wake wote wako Naivasha. Muuzaji wa ile timu aliandika kwamba Afrika "inakuja," akataja ombi la Rwanda la kuandaa Formula 1, lililotangazwa Kigali Desemba 2024. Ombi si mbio. Formula 1 haijakanyaga bara hili tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993, na sitamshauri mtu aweke rehani ploti kwa ajili ya tangazo.

Kitu kimoja nilikitaja haraka kwa kuwa watu hawakipendi: madereva wengi wanaoishi kwa kazi hii hawako Formula 1 wala rally ya dunia. Wako kwenye magari ya GT, yale ya mbio yanayofanana na ya barabarani, wakilipwa na matajiri wanaopenda mbio. FIA inawapanga madereva wa mbio ndefu kwa madaraja, shaba hadi platinamu, na tangu 2024 kila gari la daraja la LMGT3 katika ubingwa wa dunia wa mbio hizo ndefu lazima liwe na dereva wa shaba, yaani yule wa kujifurahisha. Tajiri huyo anahitaji kijana mwenye kasi, mpole, asiyevunja gari, anayeweza kumweleza data bila kumdharau. Ni kazi nzuri. Kijana akasema haitaki. Ana miaka 16, ningeshangaa angeitaka.

Jibu walilotuma

Hawakukataa. Walituma maswali manne. Uharibifu wa gari uwekewe kikomo cha kiasi gani kwa msimu? Mwenzake wa timu atakuwa nani, na je, watatumia injinia mmoja na kuona data za mwenzake? Orodha ya bei za sehemu iko wapi? Asilimia 30 itarudishwa ikiwa visa itachelewa?

Hilo la mwenzake liliwashangaza wote, lakini mimi ndilo ningeanza nalo. Mtu pekee mwenye gari kama lako ni yule wa gari la pili la timu yako. Skauti hana kipimo kingine cha kuaminika. Ukiwekwa pembeni ya dereva dhaifu, ushindi wako hauna maana. Ukiwekwa pembeni ya mtoto wa akademia ambaye injinia bora amepewa yeye, kushindwa kwako kutasomwa kama uvivu.

Timu ilijibu maswali mawili: bei za sehemu zikaja, na visa ikakubaliwa kwa nusu ya malipo ya awali. Kuhusu kikomo cha uharibifu na mwenzake, kimya. Ijumaa ikapita. Katikati ya Februari, viti vile "vichache" vilikuwa bado vipo, na bei ilikuwa imepunguzwa asilimia 8. Baba alicheka, akasema ndivyo yeye pia huuza shoki za Probox mwisho wa mwezi.

Walikubaliana hivi. Ploti haiguswi. Harambee haifanywi, kwa sababu mama alisema hataki mtoto akishindwa awe na deni kwa kata nzima, na hapo shangazi alinuna. Likizo ya Agosti kijana atarudi kwa siku tatu za mazoezi, na mkufunzi, kwenye timu tofauti iliyokubali kuandika kwamba data ni zake. Akiwa ndani ya nusu sekunde ya dereva wa kupimia kwa tairi za umri uleule, watapeleka faili hiyo kwa wadhamini na akademia wakitafuta mtu wa kulipa misimu miwili, siyo mmoja. Asipofika, watatafuta Rally3 iliyotumika. Kwa sasa anaendesha autocross, mbio fupi za uwanja wa vumbi, Jamhuri kwenye gari la kuazima, na anajifunza kusoma noti kutoka kwa mwelekezi mmoja mzee ambaye humfokea sana.

Baba hajaridhika. Anaamini kwamba kufikia Agosti kijana atakuwa amepoteza msimu, na kwa kalenda ya langalanga hakosei: huko kila mwaka unaopita unamtoa kwenye orodha ya akademia moja au mbili. Mimi nilimwonyesha kwamba msimu mmoja usio na wa pili ungempotezea misimu miwili na ploti. Tulibishana hilo hadi nje kwenye gari langu, na hatukuafikiana. Orodha ya bei alibaki nayo. Bawa la mbele amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.